Mbio za Alfajiri Katika Barabara ya Arua na Koboko

Mji wa Arua umekaa juu ya uwanda ulioinuka, kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Mpaka wa Kongo uko jirani, hata mwenye baiskeli nzima aweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kwa kuwa nchi hii iko magharibi mno, na saa zake ni zile zile zinazofuatwa Mombasa na Dar es Salaam, jua lake huchelewa. Watu wa Pwani wakiwa wamekwisha kunywa chai, Arua ndiyo kwanza kunapambazuka, na jua lenyewe huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Kwa msafiri wa kawaida hili ni jambo la kustaajabia tu. Kwa mtu anayejizoeza mbio za masafa marefu ni neema, maana akiamka saa kumi na moja na kumaliza saa moja na robo, amekimbia muda mrefu kabla joto halijaanza kudai haki yake.

Barabara kuu ya nchi hii hutoka Vurra, kusini ya Arua mpakani mwa Kongo, ikapita mjini, ikaingia Maracha na Koboko, hata ikafika Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Urefu wake wote ni kilomita 92, na siku hizi ni lami tupu. Kipande cha kati, kutoka Arua hadi Koboko, chapata kilomita 55. Mkimbiaji akikitazama kipande hicho huona mara moja kwamba ndani yake imo marathoni nzima ya kilomita 42 na mita 195, na bado zasalia kilomita kama kumi na tatu za kurudia pumzi. Hakuna anayeambiwa akikimbie chote. Lakini ni vyema kujua kwamba masafa yanayoogopwa na wengi ni mafupi kuliko safari ambayo akina mama wa sokoni huifanya juu ya lori kila wiki.

Wanaoonekana barabarani saa hizo ni watu wenye kazi zao: polisi aliyetoka lindo, askari wa kambini aliye likizo, mwalimu, muuguzi, karani. Hawa ndio wakimbiaji wa ridhaa. Hawalipwi, hawana mkufunzi wa kuwashikia saa, na baada ya mbio wanarudi kwenye zamu au darasani. Wengi wamekwisha kukimbia marathoni moja, ama ile ya Kampala iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo kwa desturi hufanyika Novemba, ama nyingine, wakaimaliza kwa taabu kiasi cha saa nne. Sasa wanataka kuipunguza saa hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Anayemaliza kwa saa nne hutumia dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Anayetaka saa tatu na nusu sharti atumie dakika 4 na sekunde 59 au chini ya hapo. Tofauti ni sekunde 42 tu. Mtu mwenye afya aweza kuzipunguza sekunde hizo katika kilomita moja leo leo bila mazoezi yoyote. Kuzipunguza mara arobaini na mbili mfululizo ndiko kunakochukua miezi, na hapo ndipo askari wengi hupotea njia.

Hupotea kwa sababu ya ushujaa. Askari amezoeshwa kuwa wa kwanza. Akitoka alfajiri na kuona mwenzake mbele, atamfukuza. Akipitwa na kijana wa pikipiki aliyekwenda pole, atamfukuza huyo pia. Kila asubuhi yake ni mashindano. Baada ya wiki tatu goti linauma, usingizi unamkimbia, na saa yake haipungui hata kidogo. Hufikiri kwamba hajajikaza vya kutosha, akaongeza nguvu zaidi. Wiki ya tano yuko zahanati.

Dawa ya ugonjwa huo askari anayo tangu siku za kuruta, ila ameisahau. Ni mchakamchaka. Kikosi kinachokimbia huku kinaimba hakiwezi kwenda mbio kupita kiasi, kwa kuwa pumzi ya kuimba ingekatika. Yule anayeanzisha wimbo na wale wanaoitikia wote wanakwenda kwa mwendo ambao mwili unaumudu kwa muda mrefu. Wataalamu wa riadha wa nchi za mbali waliandika vitabu vingi kuelezea jambo hilo hilo: kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya marathoni, yapata robo tatu yake au zaidi, inapasa kuwa katika mwendo ambao mtu aweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mkimbiaji aliye peke yake kwenye barabara ya Koboko na ajaribu kuimba ubeti mmoja. Akishindwa, apunguze mwendo. Hata akipitwa na mwanafunzi anayewahi shule, na apitwe.

Sababu ya jambo hili imo ndani ya misuli. Mwili huweka akiba mbili za kuendeshea mbio: wanga na mafuta. Wanga huwaka upesi na kutoa nguvu nyingi, lakini ghala lake ni dogo. Mtu wa kilo 65 huhitaji kadiri ya kalori moja kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, yaani kalori zipatazo 2,700 kwa marathoni nzima, na wanga uliomo mwilini kwa kawaida hautoshi kufika huko. Ndiyo maana mtu aliyekwenda vizuri mpaka kilomita ya 30 au ya 33 hugeuka ghafla kuwa kama gari lililoishiwa petroli mlimani. Mazoezi ya taratibu na ya muda mrefu huufundisha mwili kutumia mafuta mapema, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, na hivyo wanga kuwekwa kwa ajili ya mwisho. Huongeza pia vijishipa vidogo vya damu ndani ya misuli na kuimarisha moyo. Kazi hiyo haifanyiki kwa wiki mbili wala haiharakishwi kwa hasira.

Nchi yenyewe husaidia. Karibu na mji, kwenye miti ya Barifa, kuna udongo laini unaowafaa wenye magoti mabovu. Vijia vya Aroi, katika nchi ya Waayivu, hupita katikati ya mashamba ya mihogo, karanga na ufuta. Ni vyembamba, vina mizizi, na haviruhusu mtu kwenda kasi hata akitaka. Hivyo ndivyo vinavyofaa siku ya kupumzisha mwili. Wakazi wake ni wapole. Mzee aliyeketi mbele ya nyumba atauliza, “Mi ngoni?” yaani hujambo, na ni utovu wa adabu kupita bila kumjibu. Mkimbiaji asiyeweza kuitikia salamu amekwisha jua kwamba anakwenda kasi mno.

Lami ya kwenda Maracha ni ya siku ya mbio ndefu. Hupanda na kushuka, si milima mikubwa, bali mawimbi ya nchi yasiyokwisha. Anayeelekea kaskazini huviona vilima viwili vinavyotajwa katika hadithi za asili ya Walugbara: Eti, ambao katika ramani huitwa Wati, ulioko Terego, na Liru upande wa Koboko. Wazee husimulia kwamba mashujaa wawili waliolianzisha kabila, Dribidu na Jaki, walifia huko, kila mmoja kwenye kilima chake. Mtu anayejizoeza kwa miezi mitatu hujikuta akivitumia vilima hivyo kama saa: leo Liru umeonekana baada ya muda fulani, mwezi ujao utaonekana mapema zaidi. Wale wanaotaka kipimo kamili humkodi kijana wa pikipiki awapimie kilomita kwa mita yake, iwapo mita hiyo inafanya kazi, jambo ambalo si la kila siku.

Tahadhari moja haina mjadala. Barabara hii hubeba malori ya Sudan Kusini na ya Kongo, na kabla ya jua kuchomoza ni giza la kweli. Mkimbiaji akimbilie upande ambao magari yanamjia usoni, avae fulana nyeupe au mkanda unaong’aa kama ule wa polisi wa usalama barabarani, na redio ya masikioni aiache nyumbani.

Wenyeji wa Koboko walio na umri mkubwa wanalijua neno kukimbia kwa maana nyingine. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita viliingia West Nile, na katika mwaka 1980 na iliyofuata maelfu kwa maelfu ya watu walitoka hapa kwa miguu, wengine kwenda Aru na Ariwara, wengine Kaya na Yei. Walibeba watoto mgongoni na unga kichwani. Wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka mingi baadaye, hasa tangu 2016, msafara uligeuka: watu wa Sudan Kusini walivuka kuja upande huu, wakapokewa Bidi Bidi huko Yumbe na Rhino Camp. Basi mtu mzima anapopita Koboko alfajiri akikimbia bila mzigo wala adui nyuma yake, mama mzee afagiaye uwanja humtazama kwa mshangao, na pengine humwuliza, “Mwanangu, kuna nini huko?” Jibu kwamba hakuna kitu, ni mazoezi tu, humfanya acheke sana. Kicheko hicho kina thamani yake. Katika wilaya inayopakana na nchi mbili, ambako mipaka mitatu hukutana mahali paitwapo Salia Musala, si jambo dogo kwamba barabara imekuwa salama kiasi cha watu kuikimbia kwa hiari.

Anayejiandaa kwa marathoni ya Novemba huanza mwanzoni mwa Agosti, yaani wiki kumi na sita kabla. Hapo ndipo mvua za West Nile zinapokuwa nyingi. Njia za udongo huwa utelezi, lakini hewa ni baridi na vumbi limetulia. Huanza na kilomita 30 au 35 kwa juma, zikigawanywa katika siku nne, akaongeza kidogo kidogo hata kufikia 60, na kila juma la nne akapunguza ili mwili upate kujijenga. Mbio ndefu ya juma huanzia kilomita 14 na kufika 30. Wakristo wengi huiweka Jumamosi wasije wakasinzia ibadani kesho yake. Waislamu huona Jumapili inawafaa zaidi. Atakayejiandaa kwa mashindano ya Februari au Machi, kama yale ya Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro, yaliyoanza mwaka 2003, ana kazi tofauti: Desemba hadi Februari ni kiangazi kikali, na mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto. Katika siku hizo asijipime kwa saa kabisa.

Kuhusu maji, wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wako wanaoona kunywa ni udhaifu, na wako wanaokunywa kila wanapoona chupa. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji wa marathoni ya Boston mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na chumvi pungufu katika damu, hasa kwa kunywa kupita kiasi, na hali hiyo yaweza kuua. Njia rahisi ni kujipima uzito kabla na baada ya mbio ya saa moja: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Mtu akijua kiasi chake, hunywa kufuata kiu bila kukizidi. Kinywaji kizuri hakihitaji kununuliwa dukani. Ni kile kile ambacho akina mama hukitengeneza mtoto akiharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ndimu kidogo huondoa ladha ya zahanati.

Chakula cha nyumbani cha Arua chamfaa mkimbiaji kuliko vingi vinavyosifiwa magazetini. Enyasa ya unga wa mihogo na wimbi ni wanga safi. Angara, wale samaki waliokaushwa watokao Nile, maharage na kunde hujenga misuli, na ufuta uliosagwa pamoja na asali ya West Nile ni akiba nzuri ya mfukoni kwa mbio zinazopita saa moja na nusu. Askari wanawake, na wake wa askari ambao nao wameanza kuonekana barabarani, wakumbuke mboga za majani na dagaa kwa ajili ya damu, na chai waiache mpaka saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huuzuia mwili kupata madini ya chuma. Wanawake walichelewa kuruhusiwa mbio hizi. Michezo ya Olimpiki haikuwa na marathoni yao mpaka Los Angeles mwaka 1984. Hakuna sababu ya mume kurefusha ucheleweshaji huo kwa kukataa kumshika mtoto asubuhi mbili kwa juma.

Kwa kweli mazoezi haya ni shauri la nyumba nzima. Mtu anayeamka saa kumi na moja inampasa alale saa tatu usiku, na mwenye zamu ya usiku asikimbie akitoka lindo bila kulala kwanza. Sare mbili za jasho kwa siku ni ndoo mbili za maji, na maji hayo ana mtu aliyeyachota. Mke akiambiwa mapema kwamba jambo lenyewe ni la wiki kumi na sita na lina mwisho wake, hulivumilia. Asipoambiwa, hudhani mumewe amepata nyumba nyingine upande wa Maracha. Na chandarua kisisahauliwe. Malaria ya West Nile haichagui mwenye mapafu mazuri, na mtu mwenye homa anayekwenda kukimbia “aitoe kwa jasho” anauweka moyo wake hatarini.

Kasi yenyewe huletwa na siku moja, au mbili kwa wale waliokomaa. Baada ya wiki sita za taratibu, mkimbiaji hutafuta uwanja wa mpira, akakimbia mita 800 kwa bidii, akatembea mpaka pumzi irudi, akarudia mara tano au sita. Juma jingine hukimbia kilomita nane mfululizo kwa ule mwendo wa dakika 4 na sekunde 59 anaoutafuta, hata miguu iujue bila kuangalia saa. Emil Zátopek, ofisa wa jeshi la Chekoslovakia, aliyafanya mazoezi ya kurudiarudia mbio fupi mara nyingi mno, mara nyingine akiwa amevaa buti za jeshi, na mwaka 1952 kule Helsinki akashinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Buti zake zisiigwe. Wala zisiigwe nyayo tupu za Abebe Bikila, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu. Yeye alizoea, na kiatu cha mitumba kinachomkaa mtu vizuri hupatikana katika soko la Arua.

Majeshi ya Afrika Mashariki yana mifano ya karibu zaidi. Stephen Kiprotich wa Magereza ya Uganda alishinda London mwaka 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Joshua Cheptegei wa polisi, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, alipokimbia marathoni yake ya kwanza huko Valencia mwaka 2023 alipata 2:08:59, akapitwa na watu wengi ambao uwanjani wasingemwona ila mgongo. Mwaka 2025 huko Tokyo alikuwa amefika 2:05:59. Na Alphonce Simbu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliutwaa ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kukaa ndani ya kundi kwa subira katika joto na unyevu.

Wiki tatu za mwisho ni za kupunguza. Kilomita 60 huwa 45, kisha 30, kisha matembezi tu. Wengi huona uvivu, wakaenda kujipima mara ya mwisho, na marathoni yao wakaiacha hapo hapo kwenye mlima wa Maracha siku nane kabla. Safari ya basi kutoka Arua hadi Kampala, ikipita daraja la Pakwach na Karuma, ni kadiri ya kilomita 500, na miguu huvimba kwa kukaa. Heri kusafiri siku mbili kabla, kunyoosha miguu kila basi linaposimama, na kuacha nyama za kuchoma za njiani kwa wale wasio na kazi kesho kutwa.

Huko Kampala watu huondoka Kololo kwa shangwe, na mwendo wa kilomita tano za kwanza huonekana mwepesi kupita kiasi. Askari wa Arua na aimbe ubeti wake kimoyomoyo na kuwaacha waende. Wengi wao atawakuta baada ya kilomita ya 32, kwenye vilima, wakitembea mikono kiunoni.